Kabla ya rangi, ukuta

Wandugu, mimi nilisoma agronomia, si sanaa. Lakini wengi wananiuliza juu ya ule mchoro tuliochora kwenye kartye yetu, uliokaa msimu mmoja tu wa mvua kisha ukabanduka wote. Leo niwaelezee vile ilikuwa, kwa sababu najua kati yenu kuna wanaotaka kuchora kuta mwaka huu.

Tuanze na mji wenyewe. Goma ni mji wa jiwe jeusi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya Ziwa Kivu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena, ikasimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Mawe hayo njo tunajengea kuta za lupango. Katika mji kama huu rangi kidogo tu inaonekana toka mbali, njo maana saluni, farmasi na butiki nyingi zimechorwa: kichwa kilichonyolewa vizuri, sindano, mbuzi wa kuchoma. Hata asiyejua kusoma anajua aingie wapi. Sisi wasomi tunaona ile si sanaa, ni kazi ya kutafuta chakula tu. Lakini Chéri Samba alianzia hapo hapo, kwa kuchora mabango ya biashara kule Kinshasa. Mwaka 1975 akafungua atelie yake, na 1989 picha zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho ya Magiciens de la terre.

Sasa makosa yetu.

La kwanza ni jiwe. Lava ina vitobo vingi vilivyoachwa na gesi wakati ilikuwa inapoa, kwa hiyo inakunywa rangi vile udongo mkavu unakunywa maji. Hilo tulilijua, tukapaka simenti juu yake kwanza. Lakini wiki iliyofuata tukaweka rangi ya mafuta. Simenti mbichi bado ina maji na chokaa: chokaa inaharibu mafuta ya rangi, na maji yakitafuta njia ya kutoka yanaisukuma mpaka inabanduka. Simenti inaomba kama siku 28 za kukauka. Hata baada ya hapo, rangi ya maji inafaa zaidi, sababu inaacha ukuta upumue. Chagueni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Na msishushe picha mpaka chini kabisa, maana maji ya mvua yanaruka kutoka ardhini na kuila.

Kosa la pili ni watu, na hili njo linaniuma. Shirika moja lilitupa rangi pamoja na ujumbe: amani. Tukachora njiwa mweupe na mikono miwili inayoshikana. Ruhusa tuliomba kwa mwenye ukuta na kwa chefu wa avenyi. Bamama wanaouza makala na ndizi chini ya ule ukuta kila siku, hatukuwauliza kitu. Picha ilipoanza kubanduka, hakuna aliyetuita. Siku moja mama mmoja akaniuliza: "Mtoto wangu, ile ndege ilikuwa ya nani?" Nilikosa jibu.

Nilikuwa na aibu. Chuoni tulifundishwa kwamba kabla ya kuleta mbegu unamuuliza mkulima analima nini, na kwa nini. Niliposhika brosi nikasahau yote.

Mara ya pili tulienda mikono mitupu, tukakaa na bamama mchana mzima. Walitaka tuchore barabara ya Sake, siku ile ya mwezi wa tano 2021 mji ulipoambiwa uhame: magodoro kichwani, batoto mgongoni, chukudu imebeba vyungu na bibi mzee. Sisi tulitaka kuweka na lava nyekundu nyuma yao, sababu ni nzuri kwa jicho. Wakakataa. "Ule moto tunauona juu ya mlima. Chora watu." Tukachora watu. Mwisho wa barabara wakaomba tuweke mlango uliofunguliwa, sababu kuna familia ziliwapokea bila kuwajua.

Pesa zilikuwa kidogo kuliko mara ya kwanza, rangi tatu tu. Lakini hapo hakuna anayebandika matangazo, na anayekuja kukojoa anafukuzwa kwa kelele.

Kwa hiyo, wandugu, mkipata rangi msikimbilie kuchora. Ulizeni kwanza nani anakaa mbele ya ukuta, halafu angalieni kama simenti imekauka.

Misimu miwili ya mvua imepita. Chini, upande wa kushoto, rangi imeanza kutoka kidogo, pale maji ya bati yanapoangukia. Wiki iliyopita mama wa makala alinisimamisha barabarani: "Utaleta brosi lini? Chukudu yetu inapoteza gurudumu."