Hawala, Mchezo na Simu: Fedha za Mwambao Zahamia Mkononi

Ukipita vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya Alasiri, hukosi kuwakuta akina mama wameketi barazani, na mmoja wao ana daftari lililochakaa pembe. Daftari hilo ni la mchezo. Kila wiki kila mmoja hutoa fungu lake, na jumla ya fedha hupewa mmoja wao kwa zamu, hata duru ikamalizika na kuanza upya. Wenzetu wa Unguja huuita kibati, na wengine huuita upatu, neno ambalo pia ni jina la ile sahani ya shaba ipigwayo ngomani. Kwa fedha za mchezo maharusi wamepambwa, mapaa ya makuti yamegeuzwa mabati, na wazee wamefika Makka. Wala riba haimo. Mtu hupokea sawasawa na alichotoa, si pungufu wala si ziada.

Siku hizi daftari lingalipo, lakini fedha zenyewe aghalabu hazionekani. Zapita katika simu.

Wako wanaodhani kwamba jambo hili ni geni kabisa. Sivyo. Mwambao wetu haukujifunza jana kupeleka fedha bila ya kubeba fedha. Zamani za majahazi, wafanyabiashara wa Unguja, Mombasa na Lamu walitumia hundi na hawala. Mtu alitoa reale zake huku, akapewa karatasi, na aliyekusudiwa akalipwa Maskati au Bombay. Hapakuwa na sarafu iliyopanda chomboni. Kilichosafiri ni neno la mtu na uaminifu wake. Hata posta ilipokuja na karatasi zake, sisi tuliziita hawala vilevile. Reale ikapita, rupia ikapita, shilingi ikaingia mwaka 1921, na hawala ikabaki.

Ndiyo maana M-Pesa ilipofunguliwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007, watu wa pwani hawakuhitaji kuelezwa sana. Lakini kisa cha kuzaliwa kwake ni cha kuzingatiwa. Walioibuni, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, hawakukusudia hawala. Mwaka 2005 walipoifanyia majaribio, shabaha yao ilikuwa kumwezesha aliyekopa kwenye shirika la mikopo midogo alipe deni lake kwa simu. Watu waliopewa simu hizo wakafanya yao: wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, mume akampelekea mkewe, mwana akampelekea mamake. Wabunifu, kwa busara yao, wakaliacha deni wakafuata hawala. Kwa hivyo chombo kilichoundwa kwa ajili ya deni kiligeuzwa na wananchi wenyewe kuwa chombo cha kusaidiana.

Faida yake si ya kubishaniwa. Mwaka 2006 uchunguzi wa taifa ulionyesha kuwa watu wazima waliokuwa wakihudumiwa na benki au vyombo vingine rasmi vya fedha hawakuzidi asilimia 27 hapa Kenya. Mwaka 2024 walikuwa wamekaribia asilimia 85. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliandika mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa nyumba 194,000 katika ufukara mkubwa, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakaingia katika biashara. Na yeyote amjuaye mama muuza viazi vya karai au mshonaji wa kofia za vito atafahamu kwa nini. Mwanamke ambaye hakupata kuingia benki, aliyeficha akiba yake chini ya godoro au katika pindo la leso, sasa ana mahali pake mwenyewe, na ufunguo ni namba aijuayo yeye peke yake.

Kwa upande wa dini, kutuma hakukuzua ugumu mkubwa. Ada ya kutuma ni ujira wa kazi, kama ujira wa hamali. Zile fedha zinazolala katika simu huwekwa benki kwa amana, na riba inayotokana nazo hapewi mwenye simu, hutumiwa katika mambo ya hisani. Wenye kujizuia sana wanalo la kusema hata hapo, lakini wengi wetu tuliridhika.

Ugumu ulianza pale deni liliporudi. Mwezi wa Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, yenye kuweka akiba na kukopesha, na mwanzoni mkopo wake wa siku 30 ulitozwa asilimia saba u nusu. Piga hesabu ya miezi 12, utafika asilimia 90. Mwaka 2019 ikafuata Fuliza, ambayo mtu akipungukiwa hujaziwa, kisha akatozwa ada kwa siku. Haya yote huitwa ada. Neno riba halitamkwi. Sasa Mwislamu aulize: kitu hugeuka kwa kubadilishwa jina? Mimi si sheikh, wala sitoi fatwa gazetini, lakini ada inayokua kwa kadiri deni linavyokaa siku nyingi naiona ina sura ya jambo tunalolijua. Sisi tuliosoma chuoni tunakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya deni: yataka liandikwe, pawe na mwandishi na mashahidi. Simu huandika, tena vizuri. Shahidi ndiye asiyekuwapo. Mtu hukopa usiku wa manane, peke yake, kwa kidole, na mkewe aliye kando yake hana habari.

Njia nyingine ipo. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, ya kwanza zikiwa First Community Bank na Gulf African Bank. Hizo hutumia murabaha: benki hununua kitu, humwuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi, na faida hiyo haizidi hata malipo yakichelewa. Mwaka 2023 Gulf African Bank na Safaricom walifungua Halal Pesa, yaani mpango wa aina hiyo katika simu. Ni hatua njema. Ila wengi niliozungumza nao mitaani hawajaisikia, na ile mikopo mingine wanaijua kwa moyo.

Jingine ni aibu. Palizuka wakopeshaji wa simu ambao mtu akichelewa kulipa huwapigia simu jamaa zake wote, hata mkwewe, wakimtangaza. Kwetu ambako sitara ni nusu ya utu, hilo lilivunja nyumba. Ilibidi sheria itungwe, na kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zikakataza matusi na kuwasumbua jamaa za mkopaji namna hiyo. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, hawakuwa wameyaona haya.

Nikarudi barazani kwa mshika daftari, bibi wa makamo ambaye ameendesha mchezo tangu kabla ya simu. Nilimwuliza, je, simu haikumrahisishia kazi?

"Ilinirahisishia," akasema, "mpaka zamu ya shoga yangu mmoja ilipofika. Tukamtumia fedha zake zote, alikuwa atengeneze meno ya mamake. Hazikukaa hata dakika. Alikuwa na deni la simu asilotwambia, na deni likameza. Akaja hapa analia, na sisi hatuna cha kumpa, duru ni duru."

Basi wakakata shauri. Mwenye deni la simu hupewa zamu yake mkononi, noti kwa noti, mbele ya wawili, wengine hutumiwa. Kando ya majina daftarini niliona vidoto vidogo vya wino mwekundu, hapa kimoja, pale kimoja. Nilipotaka kujua ni vya akina nani, alilifunga daftari akaliweka chini ya paja lake.

"Hayo ni ya wenyewe, mwanangu," akasema. "Kunywa kahawa, inapoa."