Biashara ya kijamii: tuijue kabla ya kutia sahihi

Wandugu wakulima, mama na baba, huku kwetu wengi wanauza mpunga ungali shambani. Mtoto anadaiwa minervali shuleni, mgonjwa anahitaji dawa, basi mchuuzi anakuja na franka mkononi na kujipangia bei. Mavuno yakifika, gunia si letu tena. Hapo biashara ya kijamii inaweza kutusaidia, lakini tuielewe kwanza.

Shirika la msaada linagawa; likiondoka, mara nyingi kazi inasimama. Mchuuzi ananunua kwa faida yake. Biashara ya kijamii iko katikati: inanunua na kuuza, inalipa wafanyakazi wake, lakini faida inayobaki inarudi katika kazi: mbegu safi, mafunzo, mashini ya kukoboa, depo ya mavuno. Haigawi bure. Mbegu ya mkopo ni deni, inalipwa.

Mfano hauko mbali. Kule Minova, Kivu ya Kusini, ushirika wa SOPACDI ulianza mwaka 2003. Mbele ya hapo wakulima wa kahawa walivusha magunia usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wengi walikufa maji katika ziwa Kivu. Ushirika uliwakusanya, wakaosha kahawa pamoja, wakapata cheti cha Fairtrade. Twin, biashara ya kijamii ya London, iliwasaidia kufikia wanunuzi wa Ulaya. Kwa kanuni za Fairtrade, juu ya bei kuna nyongeza, na wanamemba wenyewe wanaamua matumizi yake katika mkutano mkuu.

Kahawa si mpunga, ndiyo. Lakini njia ni moja: kukusanya, kusafisha, kupima, kuuza pamoja. Gari haiwezi kutoka Kindu mpaka Kama kwa gunia mbili. Kwa gunia mia, mwenye gari ataanza kufikiri.

Na udongo? Tukikata pori jipya kila mwaka, shamba linazidi kuwa mbali na nyumba. Baada ya mpunga tupande karanga ao kunde: vifundo vya mizizi yake vinashika azoti ya hewani, na mabaki yake yanarudishia udongo nguvu. Majani ya mpunga tusiyachome, tuyatandaze shambani.

Kampuni ikija na mkataba, tuulize:

- Bei inapangwa lini, na imeandikwa?
- Mzani ni wa nani, na memba wetu anaweza kuusoma?
- Mvua ikiharibu mavuno, deni linakuwaje?
- Tunaruhusiwa kumuuzia mwingine sehemu ya mavuno?

Mtu akiuliza peke yake, ni rahisi kumpuuza. Sheria ya OHADA juu ya ushirika, inayotumika Kongo tangu 2012, inaruhusu watu 5 tu kuanzisha ushirika mdogo unaojulikana kisheria.

Katika mkutano ujao, tuweke maswali haya mezani, na kila memba aseme ataleta gunia ngapi. Hesabu hiyo ndiyo nguvu yetu ya kwanza mbele ya mnunuzi.