Utomvu wa Mkuyu: Dawa ya Jadi Mbele ya Sayansi

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya nyasi zaidi kuliko miti. Kwa hiyo mti mkubwa uliosimama kando ya kijito huonekana kutoka mbali. Mmoja wa miti ya namna hiyo ni mkuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus sycomorus. Ni ndugu wa mtini, na matunda yake huota kwa vichala juu ya shina na matawi makubwa. Ukichanja gome lake, hutoka utomvu mweupe kama maziwa.

Waganga wa jadi hutumia gome na utomvu huo. Je, vina nguvu ya dawa, au ni imani tu?

Kidokezo cha kwanza

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, gome la mkuyu huchemshwa na maji yake hunywewa kwa ajili ya kikohozi na kuhara. Utomvu hauchemshwi; hupakwa mbichi juu ya choa. Tofauti hii si jambo dogo. Gome lina tanini, kemikali za ukakasi kama zile zinazokausha ulimi tunywapo chai iliyokolea. Tanini hutoka gomeni kwa maji ya moto, na hukaza utando wa utumbo. Utomvu wa aina kadhaa za Ficus, kwa upande wake, una kimeng'enya, na vimeng'enya huharibiwa na moto. Hivyo namna ya kutayarisha dawa hutupa kidokezo cha kemia yake.

Kimeng'enya kiitwacho fisini

Katika Amerika ya Kusini, wananchi wamekunywa tangu zamani utomvu wa ndugu wa mkuyu, Ficus insipida, ili kutoa minyoo. Mwaka 1930 Benjamin Robbins wa Marekani alieleza kwamba nguvu ya dawa hiyo imo katika kimeng'enya kinachovunja protini, akakiita fisini. Ngozi ya mnyoo imejengwa kwa protini. Ndiyo sababu fisini huweza kumyeyusha angali hai.

Lakini ukuta wa tumbo la binadamu nao umejengwa kwa protini. Huko Amerika, wagonjwa waliokunywa utomvu kupita kiasi wamewahi kufa. Basi haitoshi kuuliza kama dawa ina nguvu. Lazima tuulize pia kipimo chake. Tena kiasi cha fisini hutofautiana sana kati ya aina moja ya Ficus na nyingine. Ushahidi wa mti wa Peru hauwi ushahidi wa mkuyu wa Msanzi.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuanza uchunguzi huo kwa vifaa vichache. Changanya matone kumi ya utomvu mbichi na vijiko vinne vya maji. Gawa sehemu mbili. Moja ichemshwe kwa dakika kumi, kisha ipoe. Chukua glasi tatu za maziwa vuguvugu yenye kiasi sawa. Ya kwanza tia utomvu mbichi, ya pili utomvu uliochemshwa, ya tatu maji matupu kwa kipimo kile kile. Subiri nusu saa.

Ikiwa glasi ya kwanza peke yake itaganda, kuna dalili ya kimeng'enya kinachovunja protini. Isipoganda, hayo nayo ni matokeo, yaandikwe. Lakini kuganda kwa maziwa si uthibitisho wa kuponya minyoo. Asiwepo wa kuonja utomvu, wala usiguse macho au ngozi.

Wajibu wetu

Mwaka 1974 kilianzishwa huko Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi. Hata hivyo watafiti hawawezi kuchunguza maarifa yasiyoandikwa. Mwanafunzi akimsikiliza babu au bibi yake, na aandike jina la mti, sehemu itumikayo, namna ya kutayarisha na kipimo, huku akihifadhi tawi lililokaushwa. Wala gome lisibanduliwe kuzunguka shina lote, kwani hapo njia ya chakula kwenda mizizini hukatika na mti hufa. Mkuyu ukifa, swali letu litabaki bila jibu.