Sababu za wakulima kusitasita kupanda mbegu mpya za mahindi

Mwaka wa 1964, watafiti wa mahindi mjini Kitale walitoa mbegu chotara ya H611, iliyotokana na kuunganishwa kwa mahindi ya Kitale na yale yaliyoletwa kutoka nyanda za juu za Ecuador. Haikuchukua muda mrefu kabla ya wakulima wadogo wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya kuipokea, sawa na wenye mashamba makubwa. Katika maeneo makavu, hata hivyo, wengi waliendelea kupanda mbegu walizorithi.

Tofauti hiyo imewafanya baadhi ya watu kudai kuwa mkulima asiyebadilika ni mvivu au mtumwa wa mila. Dai hilo halina msingi. Mkulima mwenye ekari moja hupiga hesabu kwa makini kwa kuwa akikosea, watoto wake hulala njaa.

Hesabu ya kwanza ni ya mvua. Aina kama H614 huhitaji takriban miezi sita hadi minane kukomaa. Mkulima wa Machakos, ambaye mvua yake hudumu kwa muda mfupi, akiipanda ataona mimea ikinyauka kabla ya kubeba. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Katumani kilitafuta mahindi yanayokomaa mapema. Mavuno yake si makubwa kama ya chotara za Kitale, lakini huwahi kabla ya ukame.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Mbegu chotara hununuliwa kila msimu, kwa sababu punje zinazotokana na mavuno yake hupoteza nguvu zikipandwa tena. Ekari moja huhitaji takriban kilo 10, na bila mbolea faida yake hupungua. Gharama hizi humkabili mkulima kabla ya mvua za masika, wakati ambapo karo imekwisha kulipwa na ghala linakaribia kuwa tupu. Mvua ikikosekana, aliyepanda mbegu ya nyumbani hupoteza jasho lake. Aliyenunua hupoteza jasho pamoja na fedha, pengine za mkopo.

Aidha, umbali una uzito wake. Mwanauchumi Tavneet Suri, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011, alichunguza takwimu za wakulima wa mahindi nchini Kenya za kati ya 1996 na 2004. Alibainisha kuwa baadhi ya wasiotumia chotara ndio ambao wangefaidika mno, ila waliishi mbali na maduka ya pembejeo. Wengine walizitumia msimu mmoja na kuziacha uliofuata, kulingana na hali.

Isitoshe, kuna suala la uaminifu. Wafanyabiashara walaghai wamewahi kupaka rangi mahindi ya kawaida na kuyauza kama mbegu bora. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkulima aliyetapeliwa mara moja huiogopa hata mbegu halisi. Akina mama nao huuliza iwapo unga utakuwa mtamu na iwapo punje zitastahimili fukusi ghalani. Mahindi ya kienyeji mara nyingi huwa na punje ngumu na maganda yanayofunika gunzi barabara.

Basi mbegu mpya huenea vipi? Kwa kawaida, mkulima hutazama kwanza shamba la jirani mwenye udongo na mvua kama yake. Kisha hujaribu kwenye kipande kidogo huku sehemu iliyosalia akiipanda mbegu aliyoizoea. Akiridhika, huongeza.

Kwa hivyo, afisa wa kilimo anayetaka kubadili kijiji hana budi kujiuliza kwanza: je, mbegu hii inafaa mvua ya hapa? Inapatikana karibu na kwa wakati? Na mvua ikikosekana, ni nani atakayebeba hasara?