Vigezo vya Kupimia Nadharia Tete: Mfano wa Asili ya Kiswahili

Swali la asili ya Kiswahili limejibiwa kwa namna nyingi, na kila jibu lina watetezi wake. Wako waliodai kwamba lugha hii ni chotara, iliyozaliwa kutokana na maingiliano ya wafanyabiashara Waarabu na wenyeji wa pwani. Wengine wameiita pijini iliyokomaa. Wanaisimu linganishi wengi wanaihesabu kuwa lugha ya Kibantu iliyokopa sana. Mjadala huo umekwisha kuelezwa mara nyingi, lakini suala linalotangulia hupitwa upesi: ni kwa kipimo gani nadharia tete moja husemwa kuwa bora kuliko nyingine?

Mwaka 1977 Thomas Kuhn alizitaja sifa tano za nadharia nzuri, nazo ni usahihi, upatanifu, upana, usahili na uwezo wa kuzaa utafiti mpya. Kuhn mwenyewe alieleza kwamba watafiti wawili wanaweza kuzikubali zote tano na bado wakahitilafiana, kwa kuwa sifa hizo hugongana zenyewe kwa zenyewe. Kabla yake, katika kitabu cha mwaka 1934, Karl Popper alikuwa ameweka sharti kali zaidi: dai la kisayansi sharti liseme jambo ambalo, likionekana kuwa vingine, dai lenyewe litaanguka. Katika mfano huu yafaa kuanza na sharti hilo, maana usahili peke yake hudanganya. Kusema kwamba Kiswahili ni mchanganyiko wa lugha mbili ni maelezo mepesi kabisa, lakini wepesi huo unatokana na kutosema lolote linaloweza kupimwa.

Kuna ushahidi mwingi unaotolewa na pande zote ambao kwa kweli hautenganishi chochote. Jina la lugha limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Hilo laonyesha ni nani aliyeita, wala halionyeshi kilichoitwa kilitoka wapi. Wingi wa maneno ya Kiarabu nao hausaidii sana. Sita, saba na tisa zinaelezwa vizuri na nadharia ya uchotara, na zinaelezwa vizuri vilevile na nadharia ya ukopaji. Kiingereza kina maneno chungu nzima ya Kifaransa na Kilatini, na bado kimo katika ukoo wa lugha za Kijerumani. Ushahidi unaotarajiwa na nadharia zote mbili haumpi ushindi yeyote, hata urundikwe namna gani.

Sarufi inatenganisha zaidi. Pijini kwa kawaida hupunguza viambishi, ilhali Kiswahili kina mfumo kamili wa ngeli pamoja na minyambuliko ya vitenzi kama piga, pigwa, pigana na pigisha. Hapa hakuna haja ya kukisia upunguzaji unafananaje: Kisetla, kilichotumika baina ya walowezi na wafanyakazi wao nchini Kenya, kilionyesha jinsi upatanisho wa ngeli unavyoporomoka Kiswahili kinapogeuzwa kuwa lugha ya amri. Zaidi ya hayo, neno kitabu lilipoingia kutoka Kiarabu, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi, na wingi wake ukawa vitabu. Sarufi iliyokuwapo ndiyo iliyompokea mgeni.

Mtihani ulio mgumu zaidi umo katika fonolojia. Kigiriama husema mvula, nzala na kukala. Kiswahili husema mvua, njaa na kukaa. Sauti l iliyokuwamo katika lugha mama ya kundi la Sabaki ilidondoka katika maneno mengi ya Kiswahili. (Zipo zilizobaki, kama katika lala na mbili, na hizo zinadai maelezo yake.) Sasa, kama maneno ya Kiarabu yalikuwamo tangu lugha ilipozaliwa, baadhi yake yangepitiwa na badiliko hilo. Lakini suala halikuwa *suaa, na hila haikuwa *hia. Maana yake ni kwamba maneno haya yalikuta badiliko limekwisha kupita. Nadharia ya uchotara ilikuwa na nafasi ya kuthibitika hapa, nayo haikuitumia. Ulinganishi wa aina hii ndio uliofanywa kwa upana na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu lugha za Sabaki.

Si kwamba upande wa Kibantu hauna deni. Kiswahili hakina toni, ilhali Kigiriama na lugha nyingine nyingi za Kibantu zinazo. Kusema tu kwamba toni ilipotea ni kulitaja jambo, wala si kulieleza.

Deni jingine limeletwa na elimu ya vinasaba. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani ikiwamo Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba wengi walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kwa upande wa wanawake, na nasaba kubwa ya Kiasia, hasa ya wanaume Waajemi, na kwamba mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Simulizi za Washirazi, ambazo wanahistoria kadhaa walikuwa wamezihesabu kuwa ngano za kujitafutia hadhi tu, zikapata msingi. Wataalamu wa enzi ya ukoloni walipendelea asili ya kigeni, na baadhi ya waliowafuata baada ya uhuru walipendelea kuikana kabisa. Mapendeleo yote mawili yalijivika joho la ushahidi.

Hata hivyo, matokeo hayo hayaifufui nadharia ya uchotara wa lugha, kwa sababu nasaba na lugha ni maswali mawili. Yanachofanya ni kuipa nadharia ya Kibantu kazi mpya. Baba wengi walitoka Uajemi, na bado maneno ya Kiajemi katika Kiswahili ni machache kuliko ya Kiarabu, nayo sarufi ilibaki ya Kibantu. Je, watoto walifuata lugha ya mama zao? Au wageni wenyewe waliiacha lugha yao katika kizazi kimoja au viwili?