Miguu Itakayombeba Hujaji: Vifaa vya Safari ya Mina, Arafa na Muzdalifa

Katika nyumba nyingi, maandalizi ya Hija huanza kwa fedha, yakafuata pasi ya kusafiria na chanjo, kisha darsa za manasiki. Yote hayo ni ya lazima. Lakini liko jambo linaloachwa hadi wiki ya mwisho, nalo ni miguu ya msafiri na vitu atakavyovaa na kubeba anapotembea. Mzazi aliyedunduliza miaka mingi ili aitikie wito wa Mola wake anaweza kufika salama, kisha malengelenge mawili ya unyayoni yakamwondolea utulivu katika siku alizozisubiri umri wake wote.

Hija ni ibada ya miguu. Arafa iko takriban kilomita 20 kutoka Makka, na Muzdalifa iko kati ya Arafa na Mina. Sa'i baina ya Safa na Marwa, mizunguko yake saba, hukaribia kilomita 3, na kabla yake kuna tawafu. Yapo mabasi, na tangu mwaka 2010 ipo treni ya Mashair. Hata hivyo, msongamano huwalazimu wengi kutembea, na hata aliyepanda basi atatoka hemani kwa miguu kwenda Jamarati na kurudi, siku baada ya siku.

Joto nalo si la mzaha. Mwezi Juni 2024 vipimo katika Msikiti Mtukufu wa Makka vilifika nyuzijoto 51.8. Mwaka huo Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301, wengi wao wakiwa watu wasio na vibali waliotembea masafa marefu juani bila kivuli. Kwa hiyo, la kwanza katika orodha ya vifaa ni kibali halali, kwa kuwa ndicho kinachompa hujaji hema, usafiri na huduma.

Viatu

Mwanamume aliyehirimia haruhusiwi kuvaa viatu vya kufunika mguu wala soksi. Huvaa ndara au makubadhi ya wazi, vidole na kisigino vikionekana. Wapo wanaodhani kwamba kiatu chenye uzi wa kushonea kimekatazwa. Sivyo. Kinachokusudiwa ni vazi lililoshonwa kwa umbo la kiungo, kama kanzu, shati au suruali. Mwanamke ana wasaa zaidi, kwani anaweza kuvaa soksi na raba za kufunika.

Kandambili nyembamba za bafuni hazifai kwa mwendo mrefu, maana humlazimu mtu kuzibana kwa vidole na kumchosha misuli. Chagua ndara yenye soli nene kiasi, inayoshika chini, na ikiwezekana yenye ukanda wa nyuma. Inunue jioni, wakati miguu imetanuka kidogo, kwani kule joto litaitanua zaidi. Kisha itumie nyumbani. Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza Makka. Miezi miwili kabla ya safari, mzee na atembee baada ya sala ya Alfajiri, akianza na kilomita 2 na kuongeza taratibu hadi 8, kwa ndara hizo hizo.

Mwenye kisukari aangaliwe zaidi, kwani huenda asihisi sakafu inapomuunguza. Asitembee pekupeku nje, na kila usiku akague nyayo zake au akaguliwe na mwenziwe. Daktari akimshauri kuvaa kiatu cha kufunika, amuulize sheikh wake mapema kuhusu fidia.

Pia atiwe mfuko mdogo wa kitambaa wa kubebea ndara ndani ya msikiti. Anayeziacha mlangoni huenda asizikute, akajikuta juu ya lami ya saa saba mchana bila kiatu.

Mwavuli, mafuta na maji

Mwanamume mwenye ihramu hafuniki kichwa kwa kofia wala kilemba, bali mwavuli hauingii katika katazo hilo kwa kauli ya wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imam Shafi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ummul-Huswayn (r.a.) kuwa katika Hija ya Kuaga mmoja wa maswahaba aliinua nguo yake kumkinga Mtume (s.a.w.) na joto. Uwe mwepesi na wa rangi ya kung'aa.

Tatizo ambalo wanaume wengi huona haya kulitaja ni michubuko ya mapaja, kwa kuwa chini ya shuka hapavaliwi nguo ya ndani iliyoshonwa. Mafuta mazito yasiyo na manukato, yakipakwa mapajani na kati ya vidole kabla ya kutoka, huzuia tatizo hilo. Sabuni na losheni ya jua navyo visiwe na manukato. Kucha zikatwe kabla ya kuhirimia, kwani baada ya hapo haifai.

Chupa ya maji iwe na kamba ya begani, na pakiti chache za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini ziwe karibu. Mtu anywe kidogo kidogo bila kungoja kiu.

Begi

Begi la mgongoni lisizidi kilo 3. Ndani yake mtiwe dawa za siku mbili, plasta, mkeka mwepesi wa kulalia Muzdalifa, kifuko cha kokoto, tende na karatasi yenye namba za simu za kiongozi wa msafara na za nyumbani. Fedha na vitambulisho vikae katika mkanda wa kiunoni, ambao unaruhusiwa. Vilivyobaki vibaki hotelini.

Surat al-Baqara, aya ya 197, inawaagiza mahujaji wachukue masurufu na kuwakumbusha kuwa masurufu bora ni uchamungu. Enyi vijana, msiwaachie wazee kazi hii peke yao. Nendeni nao dukani, tembeeni nao alfajiri, na mlipime begi lao kwa mizani. Mwenyezi Mungu awape mahujaji wetu Hija yenye kukubaliwa na awarejeshe salama. Amin.