Faida za mteremko, hata pasipo theluji

Februari 1998, huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mwisho wa njia akamkumbatia. Wengi wanakumbuka kumbatio lile. Sisi wa tiba ya mazoezi tunajiuliza swali jingine. Boit, kijana wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mapafu anayo, miguu anayo. Alizidiwa na nini?

Kwa sehemu kubwa, ujuzi: skii, yaani mbao za kutelezea, alianza kuzivaa mwaka 1996 tu, huko Finland. Sehemu nyingine ni kiwiliwili. Katika mbio hizi miguu haifanyi kazi peke yake. Fimbo inachoma theluji, bega linavuta, tumbo na mgongo vinakaza, ndipo paja linasukuma. Misuli yote hiyo ikidai oksijeni kwa wakati mmoja, moyo hulazimika kutoa damu nyingi zaidi kila unapopiga, na kwa miaka huzidi kuimarika. Ndiyo maana wachezaji wa mchezo huu ni miongoni mwa watu waliopimwa na kukutwa na uwezo mkubwa kabisa wa kutumia oksijeni.

Huku kwetu Rugera, wilayani Karagwe, hakuna theluji. Vilima vipo, tena tele, kama ilivyo Karagwe na Kyerwa yote. Mtazame kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupandisha mlima: mkono mmoja usukani, mwingine kwenye mzigo, kifua kimeinama mbele, nyayo zinasukuma ardhi. Kwa mtaalamu wa misuli, huyo hayuko mbali sana na mwana-skii. Akifika juu na kuanza kuteremka kazi hubadilika, na hapa ndipo penye somo ambalo watu wengi hawalijui.

Kupanda, msuli wa paja hukaza huku ukijifupisha. Kushuka, hukaza huku ukirefushwa. Unafanya kazi ya breki. Pumzi haikatiki, kwa hiyo mtu hudhani hafanyi mazoezi. Kesho yake mapaja yakiuma ndipo anajua. Watafiti wa Vorarlberg, Austria, waliwahi kuwapandisha mlima kwa miguu watu wasio na mazoea ya mazoezi na kuwarudisha chini kwa gari la kamba, kwa miezi miwili. Miezi mingine miwili wakafanya kinyume chake. Kupanda kulipunguza zaidi aina fulani ya mafuta kwenye damu. Kushuka kuliusaidia zaidi mwili kuimudu sukari. Kwa mtu anayekaribia kupata kisukari, hiyo si habari ndogo.

Huko huko Austria, mjini Salzburg, wazee wa miaka 60 na zaidi waliteleza kwa skii za mteremko wakiongozwa kwa wiki 12, na miguu yao ikaongezeka nguvu. Nguvu ya miguu ndiyo humwepusha mzee na kuanguka, na nyonga iliyovunjika uzeeni huja na mengi.

Upande wa akili, chanzo kikubwa cha takwimu ni Vasaloppet, mbio za kilomita 90 za Sweden zilizoanza mwaka 1922. Wanasayansi waliwafuatilia washiriki karibu 200,000 na kukuta sonona kwao ni kama nusu ya ile ya watu wengine. Nasita kidogo hapa. Anayejiandikisha kuteleza kilomita 90 tayari ana afya yake, na pengine ana nafasi na fedha. Hata hivyo sababu za kimwili zipo: damu inakwenda vizuri kwenye ubongo, usingizi unakuwa mzito, mwanga wa mchana unampata mtu, na mteremkoni huwezi kutafuna mawazo ya jana wakati unatafuta pa kukanyaga. Tena kuna upande wa pili: walioshiriki mara nyingi na kwa kasi kubwa walionekana kusumbuliwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Je, mama anayepanda kilima na ndoo kichwani anapata faida zile zile? Si zote. Utafiti wa Copenhagen uliohusisha watu zaidi ya 100,000 ulionyesha kwamba shughuli za mwili wakati wa mapumziko ziliendana na moyo wenye afya, ilhali kazi nzito za kuajiriwa ziliendana na matatizo zaidi ya moyo. Kazi nzito haimwachi mtu apumzike anapotaka, humbebesha mzigo asiouchagua, na huanza tena kesho kabla misuli haijapona. Kwa hiyo simwambii mkulima aongeze milima. Namwambia apunguze mzigo, agawe safari, apate siku ya kupumzika.

Maneno ya kuongeza mazoezi ni ya yule anayekaa dukani au ofisini mjini Kayanga kutwa na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Huyo ashuke kwenye pikipiki chini ya kilima mara chache kwa wiki, apande kwa miguu akiwa na mwenzake, kisha ateremke polepole, magoti yamekunjwa kidogo, fimbo mkononi. Wiki ya kwanza achague mteremko mfupi: maumivu ya mapaja hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na yakishapita, safari inayofuata huuma kidogo tu, au isiume kabisa. Mwenye goti lililovimba aonane kwanza na mtabibu. Anayetumia dawa za kushusha sukari asiondoke nyumbani na njaa.